Kabla ya kuinua hiyo pikapu, chungulia chini yake

Umepata pikapu kuukuu, tuseme Hilux ya miaka ya 1990, na sasa unataka ndai isimame juu kama zile unazoona zikielekea Ngong wikendi. Sawa tu. Lakini ukifika kwa mafundi wa Dagoretti Corner, swali litakuwa moja: tuinue bodi au tuinue springi? Ukijibu "yoyote ya bei ya chini," umeanza vibaya.

Kuinua bodi ni kutia vipande vigumu kati ya bodi na chasisi. Bodi inapanda inchi 2 au 3, tairi kubwa zinapata nafasi, na kwa vile springi hazijaguswa, doo unayotoa si nyingi. Ila usidanganyike: chasisi, injini na difu vimebaki pale pale. Jiwe lililogonga difu jana litaigonga na kesho. Difu hupanda kwa tairi kubwa pekee, tena nusu tu: tairi ikizidi kipenyo kwa inchi 2, difu inapata inchi 1.

Kuinua springi huinua chasisi pamoja na bodi. Kwa anayebeba mzigo kwenye barabara ya mawe, hapa ndipo kuna faida. Lakini utanunua springi na shokabzoba za kimo hicho, mipira ya breki huenda ikahitaji kurefushwa, na gari litalala zaidi kwenye kona.

Msimamo wetu ni huu: pikapu ya umri huo itengenezwe kwanza, kisha ndiyo iinuliwe. Mwambie fundi akague bushi, majani ya springi yaliyovunjika, na kutu pale bodi inapofungiwa kwenye chasisi. Mara nyingi gari limeshuka kwa sababu springi zimechoka. Tia mpya, na kimo chake kinarudi. Huenda hata usihitaji kingine.

Bado unataka? Kama ni tairi na sura tu, inua bodi inchi 2, kwa vipande vilivyotengenezewa kazi hiyo, si mbao wala bomba lililokatwa. Hakikisha shafti ya usukani na mpira wa kujazia mafuta havijavutwa, na feni haigusi rejeta. Kama ni kazi ya shamba na mawe, inua springi, kwa kiasi. Fundi akitaka kurundika vyuma viwili vitatu juu ya ekseli, chukua funguo zako uende. Na uijulishe kampuni ya bima kabla ya kazi kuanza.

Kuna usiku utatoka Ngong na marafiki ndani, mvua inanyesha, halafu matatu ikukatie mbele ghafla. Hapo kimo hakitakusaidia. Utategemea breki, springi na bolti ambazo fundi alizikaza ukiwa umesimama hapo ukiangalia. Kwa hivyo siku hiyo ya gereji, usikae kando ukibonyeza simu. Inama, uangalie.