Tucheke au Tulie Usiku Huu?



Jua likishazama nyuma ya milima ya Masisi, nyumba nyingi za Goma hufanana. Chakula kimekwisha kuliwa, vyombo vimeoshwa, mlango umetiwa komeo mapema kwa sababu ya usalama. Na kama umeme upo, jamaa nzima huketi mbele ya televisheni. Hapo ndipo shauri huanza. Baba ataka mchezo wa kuchekesha, kwa maana mchana umemtwisha mizigo ya kutosha. Mama na binti wataka tamthilia ya machozi, kwa sababu jana iliishia pale siri ya mume ilipofichuka. Vijana hawangoji shauri likatwe. Kila mmoja huinamia simu yake pembeni. Nani ana haki? Wengi wametuuliza, nasi leo twapenda kulizungumza jambo hili.

Mji wetu una jambo la pekee. Saa za Goma ziko nyuma ya zile za Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, tena ziko mbele ya zile za Kinshasa kwa saa moja vilevile. Mchezo utolewao Dar es Salaam saa tatu usiku, sisi twaupata saa mbili, watoto wangali macho. Ule uanzao Kinshasa saa mbili, kwetu ni saa tatu, wakati mwanafunzi apaswa kuwa kitandani. Tena wa kwanza wasema Kiswahili, lugha aijuayo bibi. Wa pili mara nyingi wasema Kilingala au Kifaransa. Basi jioni yetu ina milango miwili, na ni juu ya wazazi kuchagua ule wa kufungua.

Tuanze na kicheko. Wako watu wenye heshima wasemao kwamba michezo ya kuchekesha ni upuuzi, yafaa tamthilia nzito tu, maana hizo zafundisha. Sisi hatukubaliani nao. Mji huu uliona moto wa Nyiragongo ukipita katikati ya barabara zake tarehe 17 Januari 2002. Ukaona tena anga likiwa jekundu jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wakishika njia na magodoro vichwani. Ukaona vita vikiingia mpaka ndani mwishoni mwa Januari 2025. Watu wa namna hii hawahitaji kufundishwa huzuni. Kucheka pamoja baada ya siku kama hizo si kuwasahau wafu wetu. Ni kumwonyesha mtoto kwamba nyumba ingali nyumba.

Tena kicheko chema chafundisha bila kupiga kelele. Kule Kenya, Benson Wanjau, aliyejulikana kwa wote kwa jina la Mzee Ojwang, alichekesha watu kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi, naye alifariki mwezi wa Julai 2015. Katika mchezo mwingine wa huko, Vioja Mahakamani, mshtakiwa hujitetea mbele ya hakimu kwa maneno ya ajabu. Watazamaji hucheka, na papo hapo hujifunza jinsi shauri linavyoendeshwa barazani. Tanzania ilikuwa na Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwezi wa Agosti 2018. Uso wake peke yake ulitosha kumchekesha mtu aliyekasirika.

Hata misheni zetu zililijua jambo hili. Katika miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai filamu za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwenzake mwembamba, wakiingia matatani kila mara. Nao Mapadre Weupe walikuwa na kazi yao ya filamu huko Bukavu, ng'ambo ya ziwa letu. Wazee walizitazama usiku uwanjani, kitambaa cheupe kikiwa kimetundikwa, wakacheka sana. Walakini tusisahau upande wa pili. Wakati ule serikali ya Wabelgiji haikuwaruhusu watu weusi kutazama filamu yo yote isiyopitishwa na tume yake. Mtu mwingine aliwachagulia wakubwa, kama watoto, wacheke nini na walie nini. Siku hizi hakuna tume mlangoni mwetu. Uhuru huo ni mzuri, lakini una kazi yake: kuchagua sisi wenyewe.

Sasa twende kwenye machozi. Tamthilia nzito nazo tusizidharau. Marehemu Steven Kanumba wa Tanzania, aliyefariki mwezi wa Aprili 2012, aliliza watu hata huku kwetu Kongo, kwa sababu watazamaji waliona ndani ya filamu zake ndoa walizozijua. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kijana Doudou ameolewa, na kwa kuwa wazazi wa mumewe waliachana, anao mama wakwe wawili wa kuwaridhisha! China ni mbali, lakini mama mkwe yuko kila mahali. Watu walicheka, wakahuzunika, kisha wakaanza kuzungumza juu ya mambo ya nyumba zao wenyewe. Huo ndio utamu wa tamthilia njema: humpa mtu maneno ya kusema jambo alilolificha moyoni.

Basi ubaya hauko katika uzito, wala wema hauko katika wepesi. Iko michezo ya kuchekesha iliyo na sumu. Humcheka kigugumizi, kiwete, mkimbizi wa kambini, au mtu wa kabila fulani kwa namna asemavyo. Katika Kivu yetu, ambako maneno ya dharau juu ya kabila yameleta maafa mengi, kicheko cha namna hiyo si mchezo. Mtoto akikizoea sebuleni, kesho atakitoa shuleni.

Iko pia tamthilia nzito iliyo hatari zaidi, nayo twataka kuisema waziwazi. Katika nchi yetu, tangu zamani za kundi la Salongo wakati wa Zaire, watu wamependa sana michezo ya kuigiza ya televisheni. Baadaye ikaenea michezo ambamo kila msiba una mchawi wake. Biashara imeanguka, mchawi. Binti hapati mchumba, mchawi. Kisha mchezo hutuonyesha mchawi huyo ni nani: ni bibi kizee aketiye kimya kitini, au mtoto yatima aliyepokewa na shangazi yake. Muziki wa kutisha hupigwa, na watazamaji hugeuza macho polepole kumtazama aliyeketi nao mkekani.

Jambo hili si hadithi tu. Wako watoto wengi Kongo waliofukuzwa majumbani kwa sababu ya shtaka hilo, wakalala sokoni na vibarazani. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yampa adhabu ya kifungo amshtakiye. Yafaa kila mzazi ajue hayo. Haiwezekani tukatae neno hilo barazani, kisha tulikaribishe kila usiku sebuleni na kulipa umeme wetu.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, sisi twapima mchezo kwa kipimo hiki: ukiisha, twaondokaje mbele ya televisheni? Je, tumezidi kumpenda aliyeketi kando yetu, au tumezidi kumwogopa na kumdharau? Mchezo mwepesi na mchezo mzito yote miwili yapimika hivyo.

Tena twatoa mashauri matatu. La kwanza, kwa kuwa umeme ni haba na wakati ni mfupi, chagueni kabla ya kuwasha. Shauri likatwe wakati wa chakula, na kila mtu apate zamu yake, hata bibi. La pili, machozi yatangulie, kicheko kifuate. Mtoto aliyeusikia mlio wa bunduki halisi asipelekwe kitandani na mlio wa bunduki ya tamthilia. Alale na jambo jema la mwisho. La tatu, mchezo mzito ukiisha, msizime na kutawanyika kimya. Ulizaneni: yule mke angefanyaje? Yule mzee alikosa wapi? Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wazee waseme.

Nanyi wanafunzi, twawaambia neno moja juu ya simu. Mtu atazamaye peke yake gizani, na sauti masikioni, hana wa kumwuliza lililo kweli na lililo la kubuni. Chovya chovya yamaliza buyu la asali: kipande kimoja, kisha kingine, na hapo hapo kumekucha, kengele yalia, na somo la hesabu halijasomwa. Rudini mkekani pamoja na wengine. Huenda mchezo wa baba ukawa wa kizamani, lakini kumwona baba akicheka hadi machozi ni jambo mtakalolikumbuka mkiwa wazee.

Leo usiku, basi, umeme ukiwapo, chagueni vyema. Na kabla ya kuzima taa, mtoto amwage bibi yake, amwambie lala salama, bila hofu yo yote.