Mji Ambao Wenyewe Hatujauzuru

Mkazi wa Tanga akiulizwa na mgeni habari za mji wake, aghalabu hujibu kwa zama zilizopita au kwa zama zisizofika: ama husimulia jinsi mkonge ulivyotajirisha bandari na kujaza mabehewa ya reli, ama husema kwamba mambo yatanyooka siku bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, litakapomaliza kilomita zake 1,443 na kuyamimina Chongoleani, kwenye pwani yetu ya Tanga. Baina ya fahari ile na tamaa hii, mji uliopo leo, wenye ghuba yake na mitaa yake na watu wake, hubaki hauna wa kuutaja. Huu ni ufukara ambao haukuletwa na kushuka kwa bei ya katani, wala sidhani kwamba utaondolewa na mafuta, kwa sababu asiyezoea kutazama alicho nacho hatakitazama hata kikiongezwa mara kumi.

Kuyafurahia makazi ni elimu, na elimu ina darasa lake. Tutwae mfano wa Tongoni, kadiri ya kilomita 20 kusini mwa mji, kando ya njia ya Pangani, ambako magari ya abiria hupita kila siku na ni nadra mwenyeji kumwambia konda amshushe. Pale pana gofu la msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40, mengine yamejengewa nguzo za mawe, alama ya watu waliokuwa na mali, na dini, na mafundi wa kuchonga matumbawe, kabla ya merikebu yoyote ya Ulaya kuonekana katika maji haya. Merikebu hizo nazo zilipokuja hazikupita bila mkasa: São Rafael, moja ya jahazi za Vasco da Gama, ilipanda mwamba katika pwani hiyo mwaka 1498, ikajinasua, na mwaka uliofuata, safari ya kurudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wakiwa wamepukutishwa na maradhi hata hawatoshi kuendesha vyombo vitatu, wenyewe waliichoma moto hapo hapo. Kisa kama hiki kingekuwa cha mji mwingine, kingeimbwa harusini. Sisi tunapita na vikapu vyetu vya nazi, tukiuliza nauli.

Mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji, yana bahati njema kidogo, kwa kuwa watoto wa shule hupelekwa kuyaona. Lakini bahati hiyo imezaa ila yake. Mtu mzima ukimwambia twende Amboni, hukujibu kwamba alikwenda akiwa darasa la tano, kana kwamba pango ni mtihani ambao akiisha kuufaulu mtu hana haja ya kuurudia. Laiti angerudi akiwa na akili ya utu uzima, angestaajabia jinsi maji, kwa subira ya dahari nyingi, yalivyoyeyusha chokaa yakafanya kumbi na dari, na angewaona watu wa zama hizi wakiweka nadhiri zao katika kimoja cha vyumba vile. Mambo ambayo mtoto wa miaka 11, mwenye kuwaogopa popo na kukiwaza chakula cha mchana, hawezi kuyapa haki yake.

La kustaajabisha zaidi ni ua. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyetawala sehemu hizi, aliokota mmea mdogo wenye maua ya zambarau uliojiotea miambani, akapeleka mbegu kwao. Na leo ua hilo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara yetu. Ingia sebule za hapa mjini utazame juu ya kabati: utaona waridi la plastiki, na vumbi lake.

Yapo ya mbali na yapo ya mlangoni. Katika mwalo wa Deep Sea wavuvi, tangu mwaka 2003, wamekuwa wakileta katika majarife yao silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani kwa zaidi ya miaka milioni 60 hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndiyo sababu ya kuwekwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Na bila ya kutafuta ajabu yoyote, mtu anaweza kuzunguka Ngamiani kwa baiskeli, barabara kwa barabara, kwa kuwa zimepewa nambari na hazimpotezi mtu, akakaa kijiweni kwa kahawa na kashata, akawauliza wazee habari za nyuki waliowashambulia askari katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, akala bada kwa mchuzi wa samaki, akajifunza kuitambua siku kusi inapogeuka kaskazi bila ya kuambiwa na redio.

Najua jawabu la kijana asiye na kazi: magofu hayaliwi. Ni kweli, na atakayemwambia mwenye njaa ashibe mandhari anastahili kuzomewa. Walakini kijana huyo huyo, asiyeijua Tongoni, hawezi kumwongoza mgeni kwa ujira. Na raia asiyewahi kuinua macho kutazama roshani ya nyumba kongwe iliyo pwani hatauliza kitu siku ikibomolewa. Nimegundua kuwa wanaolalamika kwa manufaa juu ya taka za ufukweni, kwa barua na kwa kufika ofisini, ni wale wanaokwenda kuogelea huko. Wengine hulalamika vibarazani, kisha hutupa ganda la muwa palepale.

Kwa anayetaka kuanza, jumba la kumbukumbu la Urithi limo katika Boma la zamani, karibu na bandari, na picha zake za kale humwonyesha mtu mtaa wake ulivyokuwa kabla ya babu yake kuzaliwa. Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, kuko upande wa Tongoni, hivyo safari mbili huwa moja. Aende asubuhi, maana jua la saa sita halina huruma makaburini, na amchukue mtoto aliye katika umri wa kuuliza maswali.