Panzi Asiye na Mabawa

"Mjomba, nani amemkata huyu mabawa?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu wa miaka 9. Tulikuwa tumetoka Nairobi kwenda kuwajulia hali wazee karibu na Kericho, naye alikuwa amefumbata panzi aliyemtoa nyasini, pale chai inapokoma na msitu wa Mau kuanza.

Nilimjibu upesi mno. Nikamwambia huyo ni kinda, mabawa yatakuja. Jibu lenyewe si baya, kwani panzi wote huanguliwa bila mabawa. Lakini kijana akanionyesha wengine: jike mnene amembeba dume mgongoni, na wote wawili hawana cha kupepea. Makinda hayafungi ndoa, mpenzi msomaji.

Naam, milimani kwetu wako panzi wanaobaki hivyo hadi kufa. Kundi lao moja wataalamu huliita Parasphena, na ajabu yake ni kwamba karibu kila mlima una wake: Elgon, Ngong, Chyulu, Taita, Mlima Kenya. Wa Ngong na wa Mau walipewa majina na mtaalamu wa wadudu Keith Kevan mwaka 1948. Huko juu ni baridi na nyasi hazikauki ovyo, hivyo haja ya kuhama ni ndogo. Nguvu ambayo ingejenga mabawa huenda kwenye mayai. Na kwa kuwa hasafiri, haoi mbali. Baada ya vizazi na vizazi, wa mlima huu akawa si yule wa mlima ule.

Hapo ndipo penye hatari. Nzige waliotuvamia mwishoni mwa 2019 walikuwa wakikosa malisho hupaa, wakaenda zao kilomita 100 na zaidi kwa siku. Huyu wetu akilimiwa nyasi zake, amekwisha. Shamba la chai iliyokomaa kwake ni bahari: chini ni kivuli kitupu, na jani lolote la nyasi linaloota huitwa gugu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kanda za chai za Nyayo kuzunguka misitu, ili mtu asivuke na shoka. Kwa mti, wazo zuri. Lakini ukingo wa msitu ndio nyumba ya panzi, na ukipandwa chai hana pa kwenda. Kisha mwaka 2001 zaidi ya hekta 22,000 zikamegwa kutoka Mau Kusini Magharibi. Tulilia miti, tukalia mito ya Sondu na Mara, na tulikuwa na haki. Katika kelele zile sikusikia mtu akitaja panzi.

Kumlinda hakuhitaji askari wa bunduki kama kifaru. Ni kuacha ukanda wa nyasi kandokando ya msitu na mito, usichomwe wala kupigwa dawa, na kanda hizo ziungane, maana mwenyewe hutembea kwa miguu. Mkulima wa Bomet ataniuliza: na ng'ombe wangu ale wapi? Swali la haki. Mwenye ekari moja na karo za watoto watatu hawezi kuambiwa ampishe mdudu. Waanze wenye maelfu ya hekta.

Kijana alitaka kuwatia wale wawili kwenye chupa aende nao Nairobi. Tulibishana hadi matatu ikapiga honi. Mwishowe aliinama akawarudisha nyasini, jike na dume lake mgongoni, upande wa barabara ulio na msitu.