Wakili Bungeni na Mizani ya Njia Panda

Pale Rodi Kopany, ambapo barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay huachana na ile ielekeayo Ndhiwa, wazee wakikaa kivulini kumjadili mbunge aghalabu humpima kwa vitu vionekanavyo: lami, madarasa, na karo walizolipiwa mayatima, wala si insafu kuwalaumu, maadamu tangu ulipoanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge mwaka 2003, serikali yenyewe ndiyo iliyowazoesha kumwona mtunga sheria kuwa mtunza hazina.

Lakini mizani hiyo ina kasoro, na shahidi wangu ni Millie Odhiambo, wakili aliyeingia Bungeni mwaka 2008 kwa kuteuliwa, hana jimbo wala mfuko wa kugawa, na ambaye kabla hajachaguliwa na watu wa Mbita mwaka 2013 alikuwa amekwisha kuleta mswada wake binafsi uliozaa sheria ya mwaka 2010 dhidi ya biashara ya binadamu, sheria inayomtia mkosaji kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili.

Mtazame binti wa miaka kumi na mitatu akipandishwa matatu hapo njia panda, mfuko wa nailoni mkononi, ndani yake leso moja na daftari la shule, na kando yake mama asiyemjua aliyewaahidi wazazi wake kazi njema Nairobi: lami haimwokoi binti huyo, bali humfikisha upesi zaidi kwenye dhulma, kitakachomwokoa ni askari anayeijua sheria na jirani mwenye ujasiri wa kuuliza.

Najua jawabu la wazee, nalo lina uzito: sheria isiyofika kituo cha polisi ni wino mtupu. Ni kweli, ila dawa yake si kumgeuza wakili kuwa mkandarasi, bali ni kumdai hesabu ya kazi ile ambayo Katiba ya 2010 imemfaradhia, yaani kutunga sheria na kuisimamia serikali izitekeleze, hali barabara nyingi za mashinani na zahanati zina gavana wa kuulizwa.

Basi mgombea atakaposimama Rodi Kopany kuomba kura, aulizwe kwanza ni sheria gani itakayomlinda binti yule, na ni nani atakayehakikisha kwamba inafuatwa. Kisha, kwa haki, aulizwe habari za karo.