Sungura wa Kichakani na Wanaomfuata Hadi Nyumbani



Wiki hii tumeona yafaa tuielekeze kalamu yetu bara, kwa jamaa zetu walioko Kitui na Makueni. Ujirani wetu na Ukambani si wa jana. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu kabla ya reli kujengwa, na reli ilipopita, mji mmoja wa Makueni ukapewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja. Hadi leo waitwa Sultan Hamud. Leo tuna ndugu, mashemeji na mabinti walioolewa Wote, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Mwingi na Kitui mjini. Yanayowagusa wao yanatugusa na sisi.

Jambo linalowashughulisha akina mama katika mitaa hiyo laweza kuonekana dogo. Mtu amepanda kunde, mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba, amemwagilia maji aliyoyanunua kwa mtungi, na asubuhi akakuta matuta yamekatwa kama kwa mkasi. Aliyekula ni sungura wa kichakani. Baada ya siku chache kuku wawili hawapo bandani, na usiku mbwa wasio na mwenyewe wanabweka ukutani. Hapo ndipo jirani mmoja anapotoa shauri la sumu, wa pili la mtego wa waya, na watoto wanatoka na mawe. Tungependa familia zetu zipime mashauri hayo kabla ya kuyafuata, kwa kuwa mengine yana hatari kubwa kuliko huyo sungura mwenyewe.

Kwanza tumjue mgeni wetu. Sungura wa kichakani si yule anayefugwa katika vizimba. Wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Jamaa zake wa porini huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Wa kwetu hachimbi. Mchana hujilaza katika kishimo kifupi juu ya ardhi, chini ya nyasi au kijiti, masikio ameyalaza mgongoni, na hata ukimkaribia hatajitikisa mpaka ubakie hatua chache. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na hawakawii kurukaruka. Huyu ndiye mjanja wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, na Wakamba nao wanazo zao nyingi. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alizikusanya hadithi za kwao katika kitabu kilichotoka mwaka 1966.

Ni kwa nini basi aje mtaani? Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, miji kama Wote na Kitui imepanuka, na ploti zinakatwa katika mashamba na vichaka ambavyo jana vilikuwa makazi ya wanyama. Nyumba moja imekwisha, ya pili imesimama kwenye msingi, na katikati pana kichaka kilichoachwa. Sungura hapendi msitu mzito. Apenda nyasi fupi, kijani kichanga na mahali pa kujificha, na mtaa unaojengwa unampa yote matatu. Zaidi ya hayo, Ukambani ni nchi ya ukame. Kati ya mvua za masika na zile za vuli hupita miezi mirefu ambayo porini hapana jani bichi, na bustani ya mama anayemwagilia ndiyo pekee inayong'aa. Mnyama hana hatimiliki ya kusoma. Huenda palipo na riziki yake.

Na aliwapo sungura, wapo wanaomwinda. Angani kuna tai na kipanga mchana, na bundi usiku. Chini kuna kanu (twamkusudia mnyama, si chama), nguchiro, nyegere, paka pori na bweha. Kuna chatu, na kuna nyoka wadogo ambao kwa kweli wamefuata panya zaidi ya sungura. Pembezoni mwa miji, hasa palipo karibu na Tsavo, milima ya Chyulu na Hifadhi ya Kusini mwa Kitui, kuna fisi. Na kuna mbwa wa mtaani, ambaye si mnyama wa pori lakini ndiye anayetutia hofu kuliko wote; sababu tutaieleza.

Wengi wa wawindaji hao wanatutendea wema bila ya kututoza. Familia ya bundi humaliza panya wengi kuliko paka wavivu wa mtaa mzima. Nguchiro hula panya, wadudu na hata nyoka. Mahali palipoondolewa wawindaji, wawindwao huongezeka mpaka wakawa balaa, na mahali palipotupwa taka ovyo huongezeka wale tusiowataka. Sisi wa pwani tunao ushahidi juu ya vichwa vyetu: kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka, akaenea mwambao mzima, na leo anayala mayai na makinda ya ndege wengine na kutupokonya samaki mkononi. Kilichomlisha ni taka zetu. Ndugu zetu wa Wote na Kitui wasiruhusu historia hiyo ijirudie kwao kwa sura nyingine.

Basi afanye nini mama mwenye bustani? Azungushe wavu wa kuku wenye kimo cha kama mita moja, na ncha ya chini aifukie ardhini kiasi cha shubiri moja, ili sungura asipenye chini yake. Asiyekuwa na uwezo wa wavu apange matawi ya mgunga yenye miiba, kama wafanyavyo wenyeji tangu zamani. Miche michanga ndiyo ifunikwe kwanza, kwani hiyo ndiyo anayoipenda. Mmea uliokomaa hauguswi sana. Kichaka kilicho kando ya nyumba kifyekwe, na mbao, matofali na mabati yaliyobaki ya ujenzi yasiachwe yakilundikana ukutani, maana hapo ndipo sungura, panya na nyoka hukutana.

Mwenye kuku au sungura wa kufuga afunge banda kabla ya magharibi, si baada ya isha. Kizimba kiinuliwe kwenye miguu kimo cha kiuno. Wavu wake uwe wa matundu madogo yasiyopitisha vidole viwili, kwani kanu hupenya mahali usipodhani, na kitasa kiwe cha chuma, si kamba; nyegere hung'oa ubao uliooza kama anayefungua sanduku. Matumbo na mifupa baada ya kuchinja, hasa wakati wa Idi na shughuli za harusi, ifukiwe kwa kina. Harufu ya damu iliyoachwa jalalani ni mwaliko kwa mbwa na fisi.

Sasa tuje kwenye sumu. Tunasema wazi: isitumike. Sumu haichagui. Ukitia katika mboga kwa ajili ya sungura, atakufa sungura, na atakayemla sungura atakufa naye, awe bundi, paka wa jirani au mbwa. Na katika mtaa wenye watoto wanaotambaa, nani atakayethubutu kuweka sumu uani na kulala? Kenya imeshaona madhara haya: dawa ya wadudu iitwayo karbofurani ilitumiwa na watu kutilia sumu mizoga ili kuwaua simba, na tumbusi wakafa kwa makundi, hata watengenezaji wake wakaamua kuiondoa katika soko la nchi mwaka 2009. Leo aina kadhaa za tumbusi wa Afrika zimo katika hatari kubwa ya kutoweka, na sumu ni miongoni mwa sababu kuu. Tumbusi wakitoweka, mzoga hubaki kwa mbwa, na mbwa huzaana.

Wala bundi asipigwe mawe kwa dhana kwamba analeta mkosi au kifo. Itikadi hiyo tunaijua, nasi pwani tunayo ya babewatoto. Lakini mauti na uhai viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na bundi hana alijualo ila panya.

Wako wanaouliza kama wanaweza kumtega sungura wamfanye kitoweo. Kwa upande wa chakula, wanazuoni wengi wa Ahlu Sunna wanamhesabu sungura kuwa halali, wakitegemea hadithi ya Anas bin Malik kuhusu sungura aliyechinjwa na Abu Talha naye Mtume (s.a.w.) akapokea sehemu yake, ndugu zetu wa madhehebu ya Jaafari hawamli. Lakini halali ya nyama haitoshi bila halali ya njia. Sungura aliyenyongwa na waya hata akafa ni nyamafu, na Qur'ani katika Suratul Maida imemtaja mnyama aliyenyongwa miongoni mwa vilivyoharamishwa. Mitego ya waya inayouzwa vichochoroni hufanya hivyo hivyo. Na sheria ya nchi nayo haikuacha mlango wazi: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu anayewinda bila kibali, hata ikiwa ni kwa chungu chake. Kijana anayeuza nyama ya porini kando ya barabara anahatarisha kifungo, na anayenunua hajui mnyama alikufaje. Mwenye hamu ya nyama ya sungura na afuge. Ni ufugaji mwepesi, huhitaji nafasi ndogo, na waweza kumpa mjane kipato pasipo kutoka nyumbani.

Watoto nao wafunzwe. Mara nyingi huokota kitoto cha sungura majanini wakidhani ni yatima, wakamleta nyumbani kwa huruma. Mama wa sungura huwaacha watoto wake mchana kutwa ili asivute wawindaji, akarudi usiku kuwanyonyesha kwa muda mfupi. Ukimkuta peke yake, mwache alipo. Huruma ya kumchukua ndiyo itakayomuua.

Tumeahidi kueleza kuhusu mbwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu ambazo haujaondoka. Serikali ilianza mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, na Makueni ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kutekeleza. Sungura ni nadra sana kuwa na ugonjwa huu. Anayeuleta kwa mwanadamu, karibu kila mara, ni mbwa, na bweha pia huweza kuupata. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, hapana dawa. Ila kabla ya hapo chanjo huokoa.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, akikwaruzwa au akirambwa kwenye jeraha na mbwa au mnyama wa porini, msingoje. Oshani jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Msitie mafuta ya taa, pilipili wala majani. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote alizopangiwa hata kama jeraha ni dogo na limekwishapona. Mnyama wa porini asiyeogopa watu, anayeyumba au anayekuja uani mchana kweupe, asisogelewe.

Najua wako watakaosema: sisi hatufugi mbwa, haya hayatuhusu. Yatuhusu, kwani mbwa wa jirani hapigi hodi. Wataalamu wanasema wakichanjwa angalau mbwa 70 kwa kila 100 ugonjwa hukatika. Kampeni ya chanjo inapotangazwa mtaani, isemwe misikitini na katika madrasa, na vijana wetu wasaidie kuwafikisha mbwa wa majirani. Hiyo ni haki ya ujirani.

Palipo na fisi, watoto wasitoke peke yao gizani, iwe ni alfajiri kwenda msikitini au baada ya magharibi wakirudi chuoni. Wafuatane na mtu mzima, wawe na taa. Fisi akionekana, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liarifiwe. Asizingirwe na umati. Akiua mifugo, piga picha, ita mashahidi, ujaze fomu mapema ili kamati ya fidia ya kaunti iishughulikie. Kwa kanu, nguchiro na sungura fidia hamna; fidia yao ni banda imara na wavu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sungura aliyekula matuta mawili ametuonyesha ufa ulipo: pale kwenye kichaka, jalalani na katika mlango wa banda. Tuuzibe kwa mikono yetu, bila sumu na bila dhulma kwa viumbe visivyosema.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa bara na wa pwani. Amin.

Wabillahi tawfiq.