FEDHA ZA UTAFITI WA ULINZI: FUNDI NAYE AOMBE



Kuna neno moja ambalo fundi wa Baba Dogo akilisikia hugeuka na kwenda zake. Neno hilo ni "utafiti". Hudhani ni jambo la maprofesa na watu wenye vyeti vingi ukutani. Likitajwa pamoja na neno "ulinzi" hukimbia mara mbili, maana hudhani ni mambo ya siri na bunduki. Sisi twasema: simama kwanza. Fedha za utafiti wa Serikali ni kodi. Kodi hiyo hukatwa katika mshahara wako kila mwisho wa mwezi, na hukatwa tena ununuapo sabuni dukani. Jambo linalolipiwa kwa jasho lako haliwezi kuwa halikuhusu.

Tazameni majirani zetu. Ukitoka Baba Dogo kuelekea barabara ya Thika wafika Ruaraka, na hapo pana makao makuu ya kikosi cha GSU na ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Ukiendelea na barabara hiyo wafika Ruiru, ambako Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki kilichogharimu shilingi bilioni 4, na ikatangazwa kwamba chaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Eldoret kuna Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika la tangu 1997, ambalo hutengeneza risasi. Kisumu na Mombasa kuna Kenya Shipyards Limited, iliyoundwa 2020 kwa ajili ya kujenga na kutengeneza meli. Hata Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017, limewekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 na iligharimu kama shilingi milioni 50. Kazi yake si vita, bali kutazama mashamba, misitu na maji ya nchi.

Basi kazi ipo, na fedha zipo. Swali letu ni hili: katika kazi hizi zote, fundi wa Baba Dogo na wa Kariobangi yuko wapi? Yuko mwisho wa mstari. Huitwa siku ya kukata chuma na kuchomelea, hulipwa kibarua cha siku, kisha huambiwa kwaheri. Siku ya kuandika maombi, siku ya kugawa fedha, na siku ya kuandika majina ya waliovumbua, haitwi. Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Yafaa kila mwanachama aijue sheria. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Sheria hiyo iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ikasema kwamba kila mwaka Hazina iweke humo asilimia 2 ya pato la taifa. Fanyeni hesabu wenyewe. Pato la taifa la mwaka 2023 lilikuwa kama shilingi trilioni 15. Asilimia 2 yake ni kama shilingi bilioni 300. Mfuko huo haujapata kuona hata sehemu ya kumi ya fedha hizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo wafanya kazi yatupasa kudai si upendeleo. Twadai Serikali itimize sheria iliyoiandika yenyewe. Mfuko ukiwa mtupu, wakubwa hugombania makombo, na mdogo hafikii hata meza.

Jambo la pili ni kwamba mlango wenyewe ni mwembamba. Tangazo la kuitisha maombi hutolewa, nalo huandikwa kwa lugha ya chuo kikuu. Hutakiwa mtu mwenye shahada kubwa kuwa kiongozi wa kazi, na taasisi yenye jina kuwa mdhamini. Mkereza vyuma mwenye miaka 20 katika kazi, ambaye akisikiliza mashine tu hujua beringi gani imekufa, hana mahali pa kuandika jina lake katika fomu. Je, maarifa yake si maarifa? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, yasema Serikali itatambua mchango wa sayansi na wa teknolojia za wenyeji katika maendeleo ya taifa. Kama fundi wa jua kali si mwenye teknolojia ya wenyeji, basi twataka kuambiwa ni nani.

Wako watakaosema kwamba mambo ya ulinzi hayawezi kufunguliwa kwa watu wadogo. Hayo si kweli, na mataifa yenye majeshi makubwa yameonyesha hivyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1982 iliyoamuru wizara zenye fedha nyingi za utafiti zitenge sehemu maalum kwa viwanda vidogo tu, na Wizara ya Ulinzi ndiyo iliyotoa fungu kubwa kuliko zote. Fedha zilitolewa kwa hatua: kwanza kidogo, ili kupima kama wazo lina maana, kisha zaidi, ili kutengeneza kifaa cha kwanza, halafu mwenye kifaa akatafute mnunuzi. India ilianzisha mpango wake mwaka 2018, uitwao iDEX. Huko jeshi huandika shida zake hadharani, na kampuni changa, viwanda vidogo, hata mtu mmoja mmoja huruhusiwa kuleta jibu na kuomba fedha. Hawakuuza siri za nchi. Walisema tu, "Twahitaji kitu hiki, nani aweza kukitengeneza?" Twaiomba Wizara yetu ya Ulinzi iseme maneno hayo hayo, na iyaseme kwa Kiswahili.

Hapa kwetu pia tuna funzo la zamani. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mbele ya watu, nayo yalikwenda. Lakini hayakufika sokoni, maana fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na shirika lake baadaye likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex. Mkono wa fundi haukushindwa. Kilichokosekana ni mpango wa siku ya pili: nani atanunua, nani ataajiriwa, na kwa fedha gani. Kwa hiyo ombi lolote la utafiti lisilosema kifaa kitanunuliwa na nani baada ya ruzuku kwisha ni ombi la kupiga picha na waziri, si la kazi.

Sasa, tuombe fedha za kutengeneza nini? Hapa twataka kusema wazi. Sheria ya Silaha, sura ya 114, yakataza mtu kuunda bunduki bila leseni, na barua ya utafiti si leseni. Mwanachama asidanganywe na mtu yeyote atakayemwambia vingine. Wala hatuna haja ya bunduki. Ulinzi una mambo mengi. Katiba, kifungu cha 241, yasema Majeshi ya Ulinzi yatasaidia wakati wa maafa. Mwaka 2024 mafuriko yalipoingia katika mitaa ya mabondeni hapa Nairobi na sehemu nyingine za nchi, wanajeshi waliitwa kuokoa watu. Mtu aliyesimama juu ya bati akingoja mashua hakuuliza ni kampuni gani ya ng'ambo imeiunda. Hapa Baba Dogo twajua kuyeyusha plastiki na kuitia katika kalibu. Je, hatuwezi kujaribu mashua nyepesi ya uokoaji? Hatuwezi kutengeneza machela ya kukunjwa, mtungi wa kuchujia maji, jiko la kambini linalokula kuni chache, buti lisilooza kwa matope, au vipuri vya magari ambavyo leo huagizwa kwa dola? Hivyo vyote ni vifaa vya ulinzi, na vyaweza kumfaa hata raia asiyevaa sare.

Namna ya kuomba si uchawi. Ombi zuri hujibu maswali machache. Shida ni ipi, na inamuumiza nani? Vifaa vilivyoko sasa vina upungufu gani? Sisi tutafanya nini, kwa muda gani, na tutajuaje kwamba tumefaulu? Nani atafanya kazi, na ana ujuzi gani? Fedha ni ngapi, na kila shilingi yaenda wapi? Mwisho, nani atakitumia kifaa hicho? Fundi anayeweza kumweleza mteja kwa nini mlango wake haufungiki aweza kujibu maswali hayo. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye na kuandika.

Kwa sababu hiyo twashauri msiende mmoja mmoja. Undeni vikundi na mviandikishe. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya 2012 yawatambua mafundi wa jua kali na vyama vyao. Wenye ujuzi bila cheti wafanye mtihani wa ufundi wa NITA, ili fomu ikiuliza sifa wawe na karatasi ya kuonyesha. Tafuteni mshirika katika chuo cha ufundi au katika KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, mkaandikiane naye mapatano kabla ya kazi kuanza. Kumbukeni pia kwamba utafiti wahitaji leseni ya NACOSTI, na mwenye kutaka kurusha ndege isiyo na rubani sharti afuate kanuni za mwaka 2020 za usafiri wa anga. Tena wekeni daftari. Andikeni tarehe, mchoro, kipimo na jina la aliyetoa wazo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazo ni mali.

Kuhusu wazo, mjue haki yenu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 yasema kwamba mfanya kazi akivumbua kitu katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, hataza ni ya mwajiri, isipokuwa mapatano yao yaseme vingine. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba uvumbuzi ukiwa wa maana kubwa mno, mfanya kazi ana haki ya kulipwa malipo ya haki kwa kutazama mshahara wake na faida aliyopata mwajiri. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kubuni kifaa cha kuharakisha mashine, tajiri akafurahi, nao wakapewa soda? Hataza hudumu miaka 20. Soda haidumu hata mchana mmoja.

Kwa hiyo chama chetu chaweka masharti manne kwa kila kiwanda, chuo au ofisi itakayotaka mikono yetu katika utafiti wa ulinzi.

Kwanza, jina la fundi aliyetoa wazo liandikwe katika ombi na katika hataza, kando ya jina la mhandisi.

Pili, mshahara wa mafundi uwekwe katika bajeti kwa kiwango cha mapatano ya chama, pamoja na NSSF na bima ya ajali ya Sheria ya 2007. Utafiti usigeuzwe jina jipya la kibarua.

Tatu, siri isiwe pazia la hatari. Jeshi lina haki ya kuficha mipango yake, lakini mfanya kazi ana haki ya kujua dawa anayoishika ni dawa gani na moshi anaouvuta ni moshi gani.

Nne, hesabu zionyeshwe. Kila aliyemo katika kazi ajue ni kiasi gani kilitolewa na kimetumika wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo, nasi tutaitumia.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Katika maandamano ya Juni na Julai 2024, na tena mwaka 2025, raia wengi waliuawa, na wengi wao walikuwa vijana. Baadhi yenu mlibeba majeneza. Twajua mwanachama aweza kuuliza: tutaombaje fedha za ulinzi, na ulinzi wenyewe umetugeukia? Swali hilo ni la haki, na hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba chama hakitatia jina lake katika ombi la kifaa chochote cha kumpigia raia asiye na silaha, hata fedha zikiwa mamilioni. Lakini kukaa nje kabisa hakutawazuia wengine kuamua. Fedha zitatumika tu, tukiwapo au tusiwepo. Afadhali tuwepo, tukipiga kura yetu juu ya kitu gani kiundwe na kitu gani kisiundwe. Fundi aliyeunda mashua ya kuokoa watu amelinda nchi, wala hana haja ya kuona haya mbele ya jirani yake.

Twawaomba wawakilishi wa kila kiwanda walizungumze jambo hili na wenzao wakati wa chakula cha mchana, waandike majina ya wenye mawazo, na wayalete ofisini kwa katibu wa tawi. Mwenye mchoro alete mchoro. Asiyejua kuandika aje aseme, nasi tutaandika. Milango ya Serikali haifunguki kwa kubisha mara moja, lakini wafanya kazi wa nchi hii hawajapata kupewa haki yoyote kwa kunyamaza.

UMOJA NI NGUVU.