Chura wa Maabara na Maji ya Mama Mjamzito

Kabla vipimo vya mimba vya ukanda havijaenea, hospitali nyingi duniani zilimtegemea chura. Katika miaka ya 1930, kutokana na kazi iliyofanyika Cape Town, ilibainika kwamba chura jike wa kusini mwa Afrika, ambaye wanasayansi humwita Xenopus laevis, akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai katika muda wa nusu siku hivi. Hakuhitaji kupasuliwa kama sungura wa vipimo vya awali. Alirudishwa majini, akapumzishwa, akatumika tena. Mhudumu wa leo anayechovya ukanda kwenye mkojo anatafuta homoni ile ile aliyoitambua chura yule.

Ikiwa mwili wa chura ulikubalika kuwa shahidi wa homoni za binadamu kwa takriban miaka 30, ni ajabu kwamba ushahidi wake unapuuzwa pale anapolalamikia maji.

Malalamiko yake yanajulikana. Mwaka 2002, Tyrone Hayes na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba viluwiluwi wa chura huyo huyo waliokulia katika maji yenye kiasi kidogo mno cha atrazini, dawa ya kuua magugu, walipata viungo vya uzazi vya kiume na vya kike kwa pamoja. Mwaka 2010 walichapisha jambo zito zaidi: kati ya vyura 40 wenye vinasaba vya kiume waliolelewa katika mikrogramu 2.5 za atrazini kwa lita moja ya maji, 4 waligeuka majike kamili, wakajamiiana na madume na kutaga mayai. Wengi wa waliobaki walikuwa na testosteroni pungufu na uwezo dhaifu wa kuzalisha.

Si wote waliokubali. Utafiti mwingine, uliofadhiliwa na mtengenezaji wa dawa hiyo na kuchapishwa mwaka 2009, haukuona athari kwenye korodani wala ovari za vyura, na mamlaka ya mazingira ya Marekani iliegemea upande huo. Mabishano ya namna hii ni sehemu ya sayansi. Kasoro huanza pale mabishano yanapogeuzwa kuwa ruhusa ya kukaa kimya. Umoja wa Ulaya haukusubiri yamalizike: mwaka 2004 uliamua kutoidhinisha tena atrazini, tena sababu yake haikuwa vyura, bali dawa hiyo kuonekana katika maji ya ardhini kupita kiwango. Kiwango chenyewe huko ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Marekani huruhusu 3 katika maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa 100. Kati ya namba ya kwanza na ya mwisho mna tofauti ya mara elfu moja, na mama anayechota maji ni yule yule.

Kwa mhudumu wa afya, somo kubwa zaidi liko katika tezi ya shingo. Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya mamalia. Wakaota miguu kabla ya wakati na kuwa vyura wadogo kupindukia. Homoni inayounywesha mkia wa kiluwiluwi na kumwandaa kwa maisha ya nchi kavu ndiyo inayoujenga ubongo wa mtoto tumboni, na katika miezi 3 ya mwanzo mtoto huipata kwa mama pekee. Kemikali iitwayo pakloreti, inayozuia tezi kuchukua madini joto, huwaacha viluwiluwi wakiwa viluwiluwi. Waliowahi kuhudumu katika maeneo yenye rovu wanajua upungufu wa madini joto humfanya nini mtoto. Hapa wakati wa kuathirika una uzito sawa na kipimo cha sumu: kiasi ambacho mtu mzima hakihisi kinaweza kumkuta kiumbe katika juma ambalo kiungo kinaumbwa.

Haifuati kwamba mgonjwa aambiwe atrazini itambadili mwanawe jinsia. Hakuna uthibitisho huo, na hofu ya uongo hudhuru. Wala wasilaumiwe wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ni kweli kwamba katika ziwa moja la majaribio huko Ontario, Kanada, estrojeni ya vidonge iliyotiwa majini kuanzia 2001 hadi 2003 iliwafikisha aina moja ya samaki wadogo ukingoni mwa kutoweka. Lakini dawa ya hilo ni kusafisha majitaka ipasavyo, si kumnyima mwanamke haki ya kupanga uzazi.

Kinachostahili kusemwa kliniki ni kidogo na cha hakika. Kuchemsha maji huua vijidudu, na kuendelee, kwani kuhara huua watoto leo hii. Ila kuchemsha hakuondoi dawa ya magugu, wala klorini haitegemewi kwa kazi hiyo. Atrazini hutumika Afrika Mashariki katika mashamba ya mahindi na miwa, na mvua za kwanza baada ya kunyunyiza ndizo huisomba hadi mtoni na kwenye visima vifupi. Dumu lililobeba dawa, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni, lisichotee maji wala kuhifadhia mafuta ya kula. Vidonge vilivyopita muda virudishwe kituoni badala ya kutupwa chooni.

Kadi ya mjamzito huulizia uzito, damu, shinikizo na chanjo. Mkunga anaweza kuongeza swali moja kwa mdomo, bila kusubiri waraka wa wizara: maji ya nyumbani yanachotwa wapi, na kwa chombo kilichokuwa na nini?